Vema Tatu kwenye Kadi ya Babu

Mama alipokwenda Zagayu kuchuma pamba, alimwachia Nyanjige kazi isiyo na likizo: kumwangalia babu yake, mzee Mboje, akimeza vidonge vya kifua kikuu kila asubuhi, kisha kutia vema kwenye kadi.

"Mwangaluka, guku," Nyanjige alimwamkia babu yake kwa Kisukuma. "Dawa zako hizi."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Ziache hapo zipoe," babu alitania, utadhani ni uji.

Wiki hiyo Nyanjige hakuwa na muda wa mizaha. Mwalimu Violeth alikuwa amewapa wanafunzi wa darasa la sita neno moja la Kiingereza, *devotion*, waeleze maana yake katika insha. Insha bora ingesomwa mstarini Ijumaa. Basi siku tatu mfululizo aliviacha vidonge kando ya kikombe, akatia vema upesi na kukimbilia shule kuandika. Aliandika nini? Jinsi anavyomtunza babu yake kwa upendo!

Alhamisi akatangazwa mshindi. Siku za mwizi ni arobaini. Za Nyanjige zilikuwa tatu tu. Ijumaa asubuhi babu alikohoa mpaka akashika ukuta. Nyanjige alipokunjua mkeka amkalishe, vidonge vya siku tatu vilimwagika sakafuni.

"Vinanichafua tumbo," babu alisema kwa aibu. "Usimwambie mtu."

Nyanjige aliviokota kimoja kimoja. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameonya kwamba ukikatisha dawa, ugonjwa huwa sugu na unaweza kuua. Akisema, shule nzima itamjua kuwa mwongo. Akinyamaza, atampoteza babu. Alichukua kadi, akakimbilia shuleni kwa Mwalimu Violeth.

"Mwalimu, sitaisoma insha," alisema huku akilia. "Ni uongo. Hata vema hizi tatu ni uongo. Babu anakohoa sana."

Mwalimu Violeth hakumkaripia. Aliita bodaboda, wakampeleka mzee zahanati. Muuguzi alimpima, akazikata vema tatu kwa kalamu nyekundu, akampa na dawa ya tumbo.

"Mmewahi," alisema.

Wakiwa nje, mwalimu alimshika Nyanjige bega. "Kiingereza chako kilikuwa kizuri, lakini lile neno si la kupambia insha. Ni upendo usiokwepa kazi yake, hata pale ambapo hakuna anayekuona. Leo umeanza kulielewa. Insha atasoma Paschal."

Ilimuuma, lakini alijua ni haki.

Kesho yake asubuhi babu alisema, "Ziache hapo zipoe."

Nyanjige akavuta kigoda, akaketi mbele yake. "Nangoja, guku."

"Yaani umekuwa polisi?" Babu akacheka, akameza, akafunua mdomo wazi.

Ndipo Nyanjige akachukua kalamu.