Taa ya Ukuta wa Nyuma

Waya ndio uliowakutanisha. Musembi alikuwa akitoka duka la vifaa vya umeme pale Gatina, Kawangware, bunda la waya begani, ncha moja ikining'inia nyuma yake. Ilikuwa Jumamosi. Barabara ilijaa boda boda, mikokoteni na wahubiri wenye vipaza sauti, na kila mtu alitazama mbele tu. Msichana mmoja alikuwa ameinama nje ya duka la jirani akichagua mpira wa kumwagilia maji. Ncha ile ilinasa kitambaa chake cha kichwa, ikaondoka nacho.

Kichwa kilikuwa kimesukwa nusu. Upande wa kulia mistari ililala vizuri. Upande wa kushoto nywele zilisimama zilivyopenda. Watu wa boda boda wakaangua kicheko.

"We fundi!" Msichana alifunika kichwa kwa viganja vyote viwili. "Unanivua mbele ya stage nzima?"

"Pole, siste. Sikuona."

"Utaonaje na unatembea kama trela? Leta hicho kitambaa."

Kitambaa kilikuwa kimeshaangukia kwenye matope. Musembi alivua kofia yake ya kazi, ya bluu, yenye madoa ya rangi, akamvika. Msichana alikuwa na gambuti za kijani na sketi ya jinzi iliyofifia magotini. Chini ya kofia ile macho yake yalionekana makubwa zaidi.

"Sasa nakaa aje?"

"Kama msimamizi wa mjengo."

"Basi mimi ndiye bosi wako. Beba huu mpira mpaka stage."

Jina lake lilikuwa Phanice. Aliuza miche kwenye kitalu cha kando ya barabara, na mtu akinunua mingi alienda kumpandia nyumbani. Musembi alipanga taa za nje za nyumba: njia ipi imulikwe, mti upi upigwe mwanga kutoka chini, kona ipi iachwe na giza lake.

"Kwa hivyo mimi napanda, wewe unamulika," alisema Phanice.

"Na mwenye nyumba anakunywa chai."

Kufikia mvua za masika walikuwa wapenzi. Kila jioni Musembi alimsindikiza hadi stage ya matatu ya Ayany, mtaa wa nyumba za mawe, na kila jioni Phanice alimwambia, "Niache hapa, babe. Mamangu ni mkali."

Mama yake hakuwa mkali. Phanice alikuwa akingoja Musembi apotelee barabarani, kisha anateremka Soweto West, ndani ya Kibera, kwenye chumba cha mabati walichoishi yeye, mama yake na kaka yake Elvis. Chumba cha Musembi kule Gatina kilikuwa kimoja pia, ghorofa ya tatu, choo cha kushirikiana. Hakikuwa mahali pa kumdharaulia mtu. Lakini siku moja, akimzungumzia fundi mwenzake, alikuwa amesema, "Huyo bado yuko Kibera," akacheka. Alisahau papo hapo. Phanice hakusahau.

Kisha ikaja kazi ya Bwana Gachanja. Alikuwa amestaafu na kujenga nyumba ya mawe katika mtaa ambao ukuta wake wa nyuma ndio mpaka wa Soweto West. Musembi alipewa taa. Akampendekeza Phanice kwa miche. Phanice alipofika langoni na kutambua ni upande gani wa ukuta alikosimama, alitaka kurudi. Hakurudi. Alipanda maua ya mbele, akakaa mbali na nyuma.

Taa za nje hazipangwi mchana. Mchana kila mahali panang'aa na fundi hujidanganya. Jua likishazama mtu mmoja hushika tochi pale taa itakapowekwa, mwingine huzunguka akitazama mwanga unaangukia wapi. Jioni ya majaribio Phanice ndiye aliyeshika tochi. Walimulika njia ya kokoto, ngazi za baraza, mbono uliobaki kutoka enzi za shamba. Mwisho wakafika ukuta wa nyuma, naye Phanice akapanda ngazi.

"Hii nataka itazame nje," alisema Gachanja, mikono ndani ya sweta. "Wajue kwamba ninawaona."

Taa inayotazama nje humwacha gizani mlinzi aliye ndani, na humwachia mwizi kivuli chini ya ukuta. Musembi alilijua hilo tangu chuoni na alizoea kuwaeleza wateja. Lakini Gachanja alikuwa na marafiki wengi waliokuwa wakijenga.

"Inawezekana, mzee."

"Hawatalalamika?"

"Wale wa huko?" Musembi alicheka. "Hao wamezoea. Hata kelele hawasikii, sembuse taa." Gachanja akacheka pia.

Juu ya ngazi Phanice aliona sufuria ya mama yake ikikauka juu ya paa. Aliona bafu lao: nguzo nne, magunia yaliyoshonwa pamoja, juu wazi. Mwanga wa tochi ulikuwa umetua katikati yake. Sentensi moja ingetosha. Alihisi uso unamchoma.

"Phanice, hapo pako poa?"

"Hapo pako sawa," alisema, tochi ikiwa pale pale.

Taa ilipoanza kuwaka, Phanice aliacha kupiga simu. Musembi alipopiga, majibu yalikuwa mafupi.

"Mpenzi, umenipotea. Nimekukosea nini?"

"Niko bize tu."

"Bize na nani? Jana nimekungoja kitaluni mpaka wakafunga."

"Musembi, si leo."

Hapo sauti ya kiume ikasikika karibu na simu: "Phanice, kuja ushike hii blanketi, nimechoka kukushikia!" Simu ikakatika.

Musembi alibaki akiitazama skrini. Mwanaume, na blanketi. Alimtumia ujumbe: *Blanketi ikushike vizuri.* Alijiona ameandika jambo la maana. Phanice aliusoma, akaufuta.

Wiki iliyofuata Gachanja alimpigia. Mtu alikuwa ameirushia taa matope, ikafifia. Musembi alifika jioni, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda na kitambaa chenye maji. Akaipangusa. Mwanga ukaruka nje kwa nguvu zake zote, na upande wa pili mwanamke akapiga yowe.

Tangu aanze kazi ile, Musembi hakuwahi kutazama ng'ambo ya ukuta taa ikiwa inawaka. Sasa alitazama. Taa ilikuwa nyuma ya bafu la magunia, na kivuli cha mwanamke mzima akioga kilikuwa kimetandazwa kwenye gunia la upande wa njia, kikubwa kuliko yeye mwenyewe, kila kitu chake kikijulikana. Vijana walikuwa wamesimama njiani. Mmoja alipiga mluzi. Kijana mwingine aliyefanana na Phanice alikuwa ameinua blanketi kwa mikono miwili kuikinga taa, na blanketi haikutosha. Kando yake Phanice alishika beseni. Aliinua uso, akamwona.

Musembi aliizima taa. Alikaa juu ya ngazi gizani, hakuweza kushuka wala kutazama. Simu ikalia.

"Umeona?" alisema Phanice.

"Huyo ni mama?"

"Ni mama. Na mwenye blanketi ni Elvis, ndugu yangu. Huwa ananishikia mimi pia. Sasa umefurahi?"

"Phanice... ulisema unakaa Ayany."

"Na wewe ulisema tumezoea."

Musembi alikikunja kitambaa chenye matope mkononi. 

"Matope ni mimi nilirusha," alisema Phanice kwa sauti ndogo. "Lakini hata tochi ni mimi niliishika. Naambia mama ni matajiri wametuwekea. Sijamwambia ni mkono wangu."

"Usilie, sweetie."

"Silii. Naona tu aibu. Kila saa."

"Hata mimi."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa, Gachanja akatokea na ndala. "Kijana, mbona umeizima?"

"Mzee, nilipanga vibaya. Nataka kuigeuza."

"Kwa nini? Mimi nimeipenda hivyo."

Musembi alishuka ngazi polepole. Simu ilikuwa bado sikioni. Phanice alisema, "Mwambie afungue geti. Nakuja."

Alizunguka mtaa mzima kufika langoni, na gambuti zake, bila kitambaa kichwani. Alisimama mbele ya Gachanja mikono ikiwa nyuma kama mwanafunzi.

"Mzee, hayo maua ya mbele nilipanda mimi. Na bafu liko nyuma ya ukuta wako ni letu. Taa yako inatuonyesha tukioga."

Gachanja aliinua macho ukutani. "Na siku ile ulikuwa hapo juu na tochi. Mbona hukusema?"

"Niliona haya kusema naishi huko."

"Na wewe fundi?"

"Nilijua taa haifai kutazama nje. Nilinyamaza ndio unipendekeze kwa marafiki zako. Halafu nikasema yale maneno."

Gachanja aliangalia ndala zake. "Yale maneno mimi niliyacheka," alisema hatimaye. "Igeuze." Akaingia ndani bila kuwaaga.

Kesho yake jua likizama walirudia majaribio, safari hii kinyume: Musembi juu ya ngazi, Phanice njiani, Soweto West, simu sikioni.

"Inamisha. Bado. Inamisha tena."

"Hivi?"

"Bado naona kona ya gunia. Kidogo tu... Hapo! Usiguse."

"We Phanice!" Mama Angeline, jirani aliyekuwa akiuza omena chini ya ule mwanga, alisimama na kibao chake. "Mnanizimia kibanda! Wateja wataonaje samaki?"

"Mama Angeline, umesikia huyo fundi? Anasema atakuletea balbu ya sola."

"Sijasema kitu!" Musembi alipiga kelele kwenye simu.

"Utasema. Shuka sasa. Na upitie njia ya kwetu, si ya stage."

"Nikifika kwa mama nianze na nini?"

"Na pole."

"Halafu?"

"Halafu nyamaza. Huwa unaharibu ukiongea."

Alifika akiwa amebadilisha nguo, shati jeupe lililopigwa pasi, kofia ya bluu aliyorudishiwa na Phanice mkononi. Mama Phanice alikuwa mlangoni na beseni la maji ya moto, leso imefungwa kifuani. Phanice alikuwa ameshamwambia yote, pamoja na tochi; macho ya Phanice yalikuwa bado mekundu.

"Ni wewe wa taa?"

"Ni mimi, mama. Pole. Sina neno lingine."

Mama alimpima kutoka viatu mpaka uso. "Nitaoga kwanza," alisema, akapita.

Gunia lilibaki jeusi. Maji yalisikika yakimwagika, basi. Musembi alienda akasimama pale Elvis alipozoea kusimama, akaligeuzia bafu mgongo na uso akauelekeza ukutani. Phanice akasimama kando yake.

"Nani amekupa hiyo kazi?"

"Sijapewa. Naomba."

"Ya leo?"

"Ya kila jioni, ukinikubali. Hapa, Gatina, popote tutakapokaa."

Phanice alichukua kofia mkononi mwa Musembi, akaivaa.

Kutoka nyuma ya magunia mama alikohoa. "Phanice! Weka chai. Vikombe vinne."

"Mama, sisi na Elvis ni watatu."

"Nimesema vinne."

Phanice alikimbilia ndani. Musembi alibaki hapo hapo, uso ukutani, masikio yakimchoma, wala hakugeuka mpaka mama mwenyewe alipompita na beseni tupu.