Koti la Mzee Kavumbi

Jumatatu ile Kache aliamka mapema, akapika chai, akafungua duka kama kawaida. Duka lenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yao pale Kibokoni, Mombasa: cherehani mbili, meza ya kukatia, na pazia la maua kwa wateja wanaojaribu nguo. Watu wawili walikuja kuchukua kanzu zao, wakampa pole ya msiba, akaitikia vizuri. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu babake, Mzee Kavumbi aliyekuwa fundi wa duka hilo, azikwe kwao Kaloleni. Na mtaa mzima ulijua, japo hapana aliyethubutu kusema, kwamba Kache hakutoa chozi hata moja.

Angelilia nini? Mzee yule, Mungu amrehemu kama ataweza, alimtoa mwanawe shuleni akiwa na miaka kumi na minne, akamkalisha kwenye cherehani, na tangu siku hiyo hakumruhusu kuvuka mlango bila kumuuliza neno moja: "Umeaga?" Kwenda sokoni, umeaga? Kwenda kanisani, umeaga? Mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, jamani! Mwanamume mmoja wa maana, Ogutu wa reli, alipokuja kuposa, mzee alimfukuza na rula ya mbao mpaka barabarani, na Kache akaambiwa arudi kupiga pasi.

Sasa amekufa, na Kache ana ufunguo wake kifuani. Amekodi chumba Ganjoni, atashona sare za shule, atahamia Ijumaa. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani: kufungua mlango asubuhi akatoka, asiulizwe na mtu. Chonga, mdogo wake wa pekee, karani wa bandarini, mpole hata paka wa mtaani humlia samaki mkononi, ndiye aliyempa moyo.

"Nenda, dada," alimwambia. "Umetumika vya kutosha."

Mchana wa Jumatatu hiyo, kwa kuwa matanga yamekwisha, shangazi yao alikuja kugawa nguo za marehemu. Koti la kijivu, lile la Jumapili, likawa la Chonga, maana ndiye mwana wa kiume.

"Lakini lifuliwe kwa maji ya bahari kwanza," shangazi akasema. "Likauke juani kutwa nzima. Nguo ya maiti haivaliwi ikiwa na jasho lake. Wanisikia, Kache?"

"Nimekusikia, shangazi."

Shangazi akapanda tuktuk kurudi kwake Tudor. Kache akalitandaza lile koti mezani. Kwapani mlikuwa na madoa ya jasho la yule mzee, manjano, na harufu yake ile ile ya ugoro. Hasira zikampanda mpaka macho yakaingia kiwi. Miaka ishirini na minane amemfulia huyu mtu! Soksi zake, vitambaa vyake vya makohozi, kila kitu!

"Leo sikufulii," alisema peke yake. "Hata uzi."

Akalipunguza vile vile lilivyo. Chonga kifua chake ni inchi thelathini na sita. Koti lilikuwa la arobaini na nne. Alikata sana, akashona mishono miwili miwili. Mkono wa kushoto akauteremsha inchi mbili, maana Mzee Kavumbi alivunjika mkono huo ujanani, ukaunga vibaya, na makoti yake yote yalikatwa upande mmoja mfupi.

Jumanne Chonga alikwenda nalo kazini. Saa kumi alirudi amebanwa, vishikizo vinataka kuruka.

"Dada, leo umekosea vipimo."

Kache hakosei vipimo. Akachukua futi ya kitambaa, akamzungushia kifuani. Thelathini na tisa.

"Kwani umekula nini wewe?" Wakacheka wote wawili. Akafumua mshono mmoja, akampa.

Jumatano Chonga alirudi saa sita mchana. Hakupiga hodi wala hakusalimu. Kache akampima tena, na safari hii hapana aliyecheka. Arobaini na mbili. Shingo ilikuwa ile ile nyembamba, uso ule ule, lakini ndani ya koti mlikuwa na kifua cha mtu mwingine.

Akapima mikono. Wa kulia, ishirini na tano. Wa kushoto, ishirini na tatu. Akadhani amekosea, akapima mara ya pili. Ishirini na tatu.

"Livue, Chonga," alinong'ona.

"Nasikia baridi."

Mwezi wa pili huo. Mombasa. Saa sita mchana. Watu nje walikuwa wakijipepea kwa magazeti. Chonga akaingia ndani, akalala nalo.

Alhamisi Kache alikuwa akifunga vitu vyake. Kasha la nyuzi, pasi, nguo zake tatu za kutokea. Jua limejaa dukani. Alipoinua uso, Chonga alikuwa amesimama mlangoni. Kazini hakwenda.

"Wenda wapi?"

"Si wajua? Ganjoni. Si wewe uliyeniambia niende?"

"Umeaga?"

Sauti ilikuwa ya Chonga. Neno halikuwa lake.

"Usinichezee mchezo huo," Kache akasema. "Mchezo wote cheza, huo usicheze."

Chonga alikwenda mezani polepole. Akachukua futi. Akalivuta lile pazia la maua, akaliachia wazi upande mmoja, kama mtu anayengoja.

"Njoo. Leo mwisho wa mwezi."

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Kache. Maana kuna jambo ambalo hakupata kumwambia binadamu yeyote. Kila mwisho wa mwezi, tangu alipokuwa na miaka kumi na mitano, babake alimwingiza nyuma ya pazia lile, akampima kiuno. Ati ajue kama bintiye amepata mimba. Alisoma inchi kimya kimya, akasema, "Haya, kashone." Mama yao alikufa hajui. Chonga hakujua. Chonga hangeweza kujua!

Miguu ikamwendea yenyewe. Wallahi, yenyewe, kwa mazoea ya miaka yote ile. Akajikuta nyuma ya pazia. Futi ikamzunguka kiunoni. Mkono wa kushoto haukufika. Ukamvuta karibu zaidi, kama siku zote. Pumzi ikamgusa shingoni. Ugoro. Chonga hatumii ugoro.

"Tulia," ile pumzi ikasema.

Basi, kumbe hofu nayo ina mwisho wake. Ya Kache ilikwisha pale pale, na iliyobaki ilikuwa hasira tupu.

"Baba," alisema, sauti ya chini kabisa. "Nilikuwa mtoto, nikanyamaza. Nikawa mtu mzima, nikanyamaza. Nimekuosha, nimekuzika, na bado wanipima? Wanipima mimi?"

Mkasi mkubwa wa kukatia ulikuwa kwenye meza, hatua moja. Aliunyakua. Akamgeuza nduguye kwa bega, akaanzia kwenye ukosi.

"Usisogee, Chonga! Kama umo humo ndani, usisogee!"

Kitambaa kilikuwa kigumu kama ngozi ya ng'ombe. Alikata mgongo mzima. Alikata mishono yake na mishono ya babake. Alikuwa akipiga kelele za matusi, Kache yule ambaye mtaa haukuwahi kumsikia akipaza sauti. Koti likaanguka vipande. Mkono wa kulia wa koti ukatoka. Wa kushoto ukakatalia. Ulikuwa umemshika Chonga mpaka nyama zimevimba. Kache akapitisha mkasi chini yake, akakata, na damu ikatoka kidogo, na ukaachia.

Chonga akaanguka na fulana yake, mwembamba kama alivyozaliwa.

"Dada," alilia. "Dada, nilikuwa wapi?"

Vile vipande Kache alivimwagia mafuta ya taa uani, akavichoma jirani wote wakitazama. Hapana aliyemuuliza kitu. Ijumaa akahama, na hakumuaga mtu.

Lakini mkono wa kushoto wa Chonga haukunyooka tena. Alikwenda hospitali, akapigwa picha. Daktari akaitazama sana ile picha.

"Ulivunjika lini?"

"Sijapata kuvunjika, daktari."

"Umevunjika. Na mfupa huu uliunga si chini ya miaka hamsini iliyopita."

Chonga ana miaka thelathini na minane.

Mwezi uliofuata alikwenda Ganjoni kushonewa shati la kazi. Duka la Kache lilikuwa jeupe, madirisha wazi, sare za watoto zimepangwa. Alimpima. Ishirini na tano. Ishirini na tatu. Akaiona namba ile, akasonya, akakata mikono yote miwili sawasawa.

Jioni Chonga alilijaribu. Upande wa kushoto shati lilimfunika vidole.

"Dada, mkono huu mrefu."

"Si mrefu. Kwangu hapa sikati inchi za mtu yule."

Chonga akacheka, akageuka kutazama tuktuk zilizokuwa zikipiga honi nje, akawa anasimulia habari za kazini. Hakuona. Kache aliona. Vidole vya ule mkono mfupi vilitoka taratibu chini ya kitambaa, vikatambaa mezani, vikaikamata futi.

Kache hakupiga kelele. Hakumkatiza nduguye hadithi yake. Alichukua mkasi, akaufungua, akauweka pale pale, vidole vikiwa katikati ya makali.

"Jaribu," alisema, na hakuwa akisema na Chonga.