Uwanja Uliokataa Kunywa

Siku waliyokutana, duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa hadi mlangoni na foleni haisogei. Mshonaji alivaa gauni la bluu, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni, na chini, maskini, viatu vyeupe vimelowa tope. Mvua ilikuwa imeingia tena kwenye duka lake la kushonea, naye alitaka saruji.

"Saruji ya nini, dada?" aliuliza mwanamume aliyekuwa nyuma yake, mrefu, shati limepauka mabegani.

"Ya kuziba uwanja wangu wote."

"Ukiziba, maji yataenda wapi?"

"Yaende kwako!"

Foleni nzima ikacheka. Mwanamume naye akacheka, na hapo mshonaji akazidi kukasirika, maana kicheko chenyewe kilikuwa kitamu.

Watu walimwita Bwana Kokoto. Kazi yake ilikuwa kutandika matofali ya uwanjani yaliyoachana kidogo, katikati kokoto ndogo, chini yake mawe makubwa, ili mvua izame ardhini polepole badala ya kukimbilia milango ya watu. Alimtandikia mshonaji uwanja. Mvua iliponyesha, maji yakazama kama chai kwenye mkate. Wakati huo walikuwa wameshaanza kuitana kipenzi.

"Umekula, kipenzi?" mshonaji aliuliza kwenye simu.

"Nimekula kokoto."

"Basi shushia na maji!"

Shangazi wa mshonaji, mwenye nyumba, hakucheka. "Mwanamume anayeacha nafasi kwenye matofali ataacha nafasi hata kwenye ndoa," alisema.

Bwana Kokoto akapata kazi mji mwingine. Huku nyuma, mabibi harusi walikuwa wakija kujaribu nguo na viatu virefu, na visigino vinanasa kwenye zile nafasi. Mmoja alivunja kisigino, akatukana mpaka sindano zikaona haya. Mshonaji akachota mchanga laini, akaujaza kwenye nafasi, akafagia, akanyunyiza maji, akashindilia. Kila asubuhi aliongeza kidogo. Uwanja ukawa sawasawa kama meza ya kukatia vitambaa. Hakumwambia mpenzi wake. Alitaka aje aone mwenyewe, asifie.

Mvua kubwa ikaja. Maji yakapanda kizingiti, yakaingia ndani, yakalowesha pindo la gauni la harusi lililokuwa limevalishwa sanamu, lesi yote ikawa rangi ya tope. Shangazi alisimama juu ya kigoda: "Nilikuambia mimi!"

Mshonaji akashika simu.

"Uwanja wako umekataa kunywa! Gauni la watu limekuwa dekio!"

"Haiwezekani. Umeufanya nini?"

"Mimi? Kosa ni langu tena?"

"Nauliza tu, kipenzi."

"Usiniite hivyo! Kesho shangazi analeta saruji, na wewe usilete miguu yako hapa!"

Akakata, akaitupa simu kwenye kopo la vifungo. Ikatetemeka humo, ikatetemeka, mpaka chaji ikaisha.

Asubuhi miguu ikaja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mafundi wa saruji wako njiani."

Bwana Kokoto alipiga goti, akachokonoa kati ya matofali mawili. Ukatoka mchanga ulioshikana kama ugali uliolala.

"Nani ametia huu?"

Mshonaji alitazama pindo alilokuwa akilifumua. "Mimi. Visigino vya wateja vilinasa."

Bwana Kokoto alifungua mdomo kufoka, akaufunga. Kisha akasema, "Mchanga laini unaziba. Sikukuambia."

"Nilikuuliza uwanja unafanyaje kazi. Ukasema, 'Niachie mimi.' Ukaniachia mafuriko!"

Mshonaji akaleta mkasi wa zamani, akainama upande wa pili. Wakachokonoa, migongo inauma, kila mmoja akivuta pumzi kwa hasira yake.

"Hapa katikati," mshonaji alisema mwishowe, "matofali yabanane kabisa, iwe njia ya visigino. Maji yateremkie pembeni, kwenye nafasi zako."

"Yatateremka. Mbona sikuliwaza hilo?"

"Hujawahi kuvaa kiatu kirefu."

Akacheka kile kicheko. Mshonaji akauma mdomo, asimpe raha mapema.

Lori la saruji likapiga honi. Shangazi akatoka na ndoo ya maji machafu aliyodekia, akaimwaga yote pale palipochokonolewa. Maji yakasita, yakazunguka, yakazama. Shangazi aliinama kutazama, ndoo mkononi.

"Rudisheni," aliwaambia watu wa lori. "Leo sihitaji."

Bwana Kokoto akafuta mikono kwenye suruali. "Nataka kukuoa," alisema taratibu.

"Nikikuuliza jambo, utaniambia nikuachie wewe?"

"Nitakueleza mpaka uniambie ninyamaze."

"Basi kamwambie shangazi."

"Na tope hili?"

"Nimesikia, sijaziba masikio," shangazi alisema. "Kwanza malizeni upande ule. Mawingu yale hayangoji posa."

Mshonaji akampa mkasi. "Umesikia, kipenzi. Shika."