Jina la Mama Kwenye Orodha

Soko la Majengo lilikuwa limefurika Jumamosi ile ya mwaka 2005, vumbi mpaka kwenye kope, Paulina alipomsikia kijana mwenye shati jeupe la mikono mirefu akiuliza bei ya majani ya chai. Mkononi alishika mlenda mkavu, mboga ya utelezi. Paulina, ndani ya gauni lake la kitenge cha manjano, alicheka hadi akaegemea meza ya watu.

"Ukinywa huo, kaka, utateleza mpaka Dar."

"Basi nifundishe kuupika, nisiteleze peke yangu."

Mdomo alikuwa nao. Jumatatu akaingia ofisini kwa Paulina. Kumbe ndiye Elisante, fundi wa programu waliyekuwa wakimngoja.

Ofisi ile iliendesha mfumo wa kliniki, wenye vipande vinavyoulizana. Kimoja kilitunza majina ya wagonjwa, kingine kiliwatumia ujumbe wa kuwaita. Kipande cha ujumbe kilipouliza habari za aliyefariki, kile cha majina kilinyamaza, na ujumbe haukwenda. Hakuna aliyeandika popote kwamba ukimya ule ulikuwa na kazi. Elisante aliuona ni ufundi mbovu, akatengeneza upya: kila swali lipate jibu, awe hai au marehemu. Mkaguzi alikuwa Paulina. Alilipima badiliko kwa orodha yake ya majina, likapita, akatia saini. Wakati huo alishaanza kuitwa "mpenzi" kwenye simu, na alimpenda kijana yule kupita kiasi, hilo tusifiche.

Badiliko likaanza kutumika. Jumanne asubuhi, nyumbani Chang'ombe, si ile ya Dar, simu ya marehemu mama yake ililia kabatini. Mama alikuwa na miezi minane kaburini. Simu Paulina aliendelea kuichaji, wala hakumwambia mtu.

"Ndugu Debora, unasubiriwa kliniki kesho saa tatu."

Kesho yake alikwenda, na asicheke mtu.

Kwenye benchi walikaa watu kumi na mmoja, wameoga, wamevaa nguo za Jumapili, kila mmoja na simu isiyo yake. Mzee mmoja alikuwa amekunja khanga ya mkewe mapajani. Muuguzi alipoita jina la kwanza, mzee alisimama, akageuka kutazama mlangoni. Wote wakageuka. Paulina naye akageuka.

Alimpigia Elisante pale pale.

"Unamwitaje mama yangu kliniki?"

"Mpenzi, nisikilize."

"Usiniite hivyo." Akakata.

Ofisini, bosi wao Gaudence alitaka kujua nani kaharibu. Elisante alibeba lawama zote, akafukuzwa kazi. Basi lake la Dar lilikuwa Ijumaa. Hakujitetea hata kidogo, na hilo lilimkera Paulina kuliko kosa lenyewe. Akaifungua orodha yake ya kupimia. Ilikuwa desturi yao wakaguzi kujaza majina ya ndugu zao, na utaratibu ulidai kila jina lionyeshe kama mwenyewe yu hai au amefariki. Mama alipofariki, Paulina alipaswa kubadili neno moja tu, lakini kidole kilikataa. Orodha nzima ilikuwa ya watu hai. Akapiga simu tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Uliiona orodha yangu?"

"Niliiona baada ya ujumbe kutoka."

"Mbona hukumwambia bosi?"

"Nimwambie mama yako amekufa? Hilo ni lako kulisema, Paulina. Mimi kosa langu ni kupima kipande changu bila kuuliza nani anakitegemea."

Paulina akaenda kwa Gaudence, akamwamkia, akaomba atazame kioo cha kompyuta. Mbele ya jina la Debora alifuta "hai", akaandika "amefariki", kisha akaendesha kipimo. Kilishindwa papo hapo, maana marehemu naye aliitwa, kama kilivyopaswa kushindwa tangu mwanzo. Paulina alipewa barua ya onyo. Elisante aliitwa kutoka stendi, begi begani, wakarekebisha wote wawili, na safari hii kazi ya ukimya wakaiandika.

Jumanne iliyofuata Elisante alimkuta Chang'ombe amekaa mbele ya kabati, amevaa kitenge kile kile. Saa ya ujumbe ilishapita. Simu haikulia.

Alikaa sakafuni kando yake.

"Nataka kukuoa, mpenzi. Posa niipeleke kwa nani?"

Paulina alifungua kabati, akaizima simu. Ndipo machozi yakamtoka, ya kwanza tangu mazishi.

"Mama hayupo," alisema. "Ipeleke kijijini Mvumi, kwa mjomba."