Pumu Haikubaki Sekondi

Kazi ya kwanza ya Adwoba kila asubuhi ilikuwa kufuta vumbi. Alifuta meza, akafuta kiti cha baba yake, akafuta redio, kisha akarudi kwenye meza na kukuta imeshika vumbi tena. Ulikuwa mwezi wa Desemba mjini Bolgatanga. Hamatani, ule upepo mkavu unaotoka jangwani, ulikuwa ukivuma kwa wiki ya tano. Midomo ilipasuka, visigino vilipasuka, na nguo zilizoanikwa zilianuliwa zikiwa na rangi ya udongo.

"Mbona unahema?" mama yake aliuliza huku akimpaka mafuta ya shea usoni.

"Nilikuwa nimeinama, nafagia uvunguni mwa kitanda."

"Haya, kimbia basi. Utachelewa."

Adwoba alitoka, lakini hakukimbia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Njia ya shule iliyowachukua wenzake dakika kumi, yeye siku hizi ilimchukua karibu nusu saa. Alitembea kidogo, kisha akasimama mbele ya gereji ya pikipiki na kujifanya anawatazama mafundi. Kifua kilikuwa kimembana, na kila alipotoa pumzi alisikia sauti nyembamba ikilia ndani yake.

"Wewe, unataka kununua pikipiki?" Sauti ilitoka nyuma yake. Ilikuwa ya Ayinpoka, rafiki yake wa darasa la sita. "Kila siku unakuja kuzikagua, na hununui!"

Adwoba alitabasamu tu. Kucheka kungemletea kikohozi.

Ayinpoka alimchukulia mkoba, akautundika begani pamoja na wake. "Leo unalia kama birika. Si umwambie mama yako?"

"Uliahidi, Ayinpoka."

"Niliahidi, ndiyo. Ila sijui ni nani aliyenituma kuahidi." Alivuta mdomo. "Ninyi watu wa pwani mna mambo. Vumbi kidogo tu, mnalegea."

Alisema kwa utani, lakini alipunguza mwendo, wakatembea taratibu hadi shuleni.

Adwoba alikuwa na sababu ya kunyamaza. Kabla ya kuja Bolgatanga, familia yao iliishi Sekondi, kusini kabisa, karibu na bahari. Nyumba yao ilikuwa bondeni, na msimu wa mvua ulipofika kuta zilitoa maji kama zinatokwa jasho. Nyuma ya kabati kuliota ukungu mweusi. Mama aliusugua kwa klorini, na baada ya siku chache ukarudi. Adwoba alikuwa na pumu tangu akiwa mdogo, na ukungu ule ulimchokoza vibaya sana. Mwaka uliopita, katika msimu mmoja tu wa mvua, alibebwa kwenda hospitali mara tatu.

Majirani wakaanza kusema. "Mpelekeni kaskazini," mmoja alishauri. "Hewa ya kule ni kavu. Hewa kavu inatibu." Mwingine akamtaja mpwa wake aliyekwenda kaskazini na kupona kabisa. Baba yake Adwoba, Mwalimu Ebo, alifundisha hesabu katika shule ya sekondari. Akaomba uhamisho. Mama akafunga kibanda chake cha kuuzia kenke, madonge ya unga wa mahindi yaliyopikwa, kibanda alichokiendesha kwa miaka kumi na mmoja, akaagana na wateja wake huku akilia. Mwezi wa Mei wakapakia vyombo kwenye lori, wakasafiri siku mbili.

Na kweli, Adwoba alipata nafuu. Nyumba yao mpya ilikuwa kavu, haina hata doa la ukungu. Mei ikapita, Juni ikapita, hadi Oktoba hakubanwa hata mara moja. Inhela yake ya kahawia, kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo aliyoambiwa avute kila siku asubuhi na jioni, iliisha mwezi wa Julai, na hakuna aliyekumbuka kutafuta nyingine. Inhela ya bluu, ile ya kuvuta anapobanwa, Mama aliitia kwenye sanduku chini ya vitambaa. "Tumemalizana na hayo," alisema.

Lakini kwa Mama mwenyewe maisha hayakuwa mepesi. Watu wa Bolgatanga walipenda tuo, ugali laini wenye mchuzi wa majani, na kenke yake ilimdodea sinia zikiwa zimejaa. Akajifunza kukaanga koose, maandazi ya kunde, kwa jirani yake. Mwanzoni zilimvunjikia zote ndani ya mafuta. Akawa anaamka mapema kuliko wote na kulala wa mwisho. Siku moja mwishoni mwa Oktoba, Adwoba alimsikia akizungumza kwa simu na mdogo wake, Aba, aliyebaki Sekondi.

"Biashara? Usiniulize, Aba. Nimechoka hoi. Hata lugha ya hapa bado inanipiga chenga. Lakini mtoto anapumua. Nikimwona anapumua, najiambia basi, hatukuhangaika bure."

Wiki iliyofuata hamatani ikaanza kuvuma. Siku ya tatu ya vumbi, kifua cha Adwoba kikabana.

Angesema nini? Kwamba lori, uhamisho na kibanda kilichofungwa vyote vilikuwa kazi bure? Akaitoa inhela ya bluu sandukuni kisirisiri, akaificha kwenye soksi. Nyumbani alikohoa wakati Mama akitwanga, ili mshindo wa mchi umfiche. Alizoea kulala ameegemea mito miwili. Asubuhi aliamka amechoka kama mtu aliyelima mchana kutwa, kisha akachukua kitambaa na kuanza tena kufuta vumbi.

Siku hiyo Ayinpoka alipomtania kuhusu pikipiki, shule ilikuwa ikijiandaa kwa sherehe ya kufunga muhula. Mwalimu Atampugre, mwalimu wa darasa la sita, aligawa kazi: wavulana wapake chokaa mawe ya njiani, wasichana wafagie uwanja. Nyuma ya jiko la shule mtu alikuwa amechoma majani makavu, na moshi ulitambaa chini pamoja na vumbi.

Adwoba alisimama pembeni na ufagio wake.

"Adwoba Quainoo!" Mwalimu aliita. "Wiki yote hii unasimama tu. Baba yako ni mwalimu, na wewe unatufundisha uvivu?"

Darasa zima likacheka. "Malkia wa pwani!" mvulana mmoja akapaza sauti. "Mleteeni kiti!"

Adwoba alisikia uso ukimwaka. Aliinama, akaanza kufagia kwa nguvu, haraka kuliko wote, mpaka vumbi likamfunika. Alifagia mstari wa kwanza. Alifagia wa pili. Katikati ya mstari wa tatu hewa ikakataa kuingia.

Alipiga magoti. Akachomoa inhela kwenye soksi, akaitikisa, akaiweka mdomoni na kubonyeza. Haikutoa kitu. Akabonyeza tena. Ilikuwa tupu.

Ayinpoka aliuangusha ufagio wake, akaja mbio. Alimwona rafiki yake mabega yakipanda na kushuka, na ngozi ya shingo ikizama ndani kila alipovuta pumzi. Adwoba alitikisa kichwa kumwambia asiseme.

"Sasa nasema," Ayinpoka alijibu. "Kama utaninunia, ninunie ukiwa mzima." Akageuka na kupiga kelele, "Mwalimu! Ana pumu! Ameificha tangu hamatani ianze, na dawa yake imekwisha!"

Kicheko kilikatika. Mwalimu Atampugre alikuja mbio mpaka kiatu kikamtoka. Akataka kumlaza Adwoba chini, lakini Ayinpoka akamzuia: "Hapana, Mwalimu, akilala anazidi kubanwa. Aliniambia." Wakamkalisha wima. Mwalimu akasimamisha pikipiki ya magurudumu matatu iliyokuwa ikipita na mzigo wa vitunguu, akampandisha, akakaa nyuma yake akimshikilia mabega hadi zahanati.

Nesi wa zamu aliitwa Lamisi, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole na miguu iliyovimba kwa kusimama. Alikuwa ameona wengi wa namna hii tangu vumbi lianze. Hakupoteza muda kuuliza maswali. Alichukua chupa ya plastiki iliyotobolewa kitakoni, akachomeka inhela ya zahanati kwenye tundu, akamwekea Adwoba mdomo wa chupa kinywani. "Vuta taratibu. Usiogope. Tena. Mara nyingine tena." Akampa vidonge na kumwekea hewa ya oksijeni puani. Mwalimu Atampugre alisimama mlangoni, kofia mkononi.

Ilichukua karibu saa nzima kabla sauti ile nyembamba haijapungua kifuani. Ndipo Mama akafika, aproni yake ina madoa ya mafuta, unga wa kunde umemkaukia vidoleni. Baba alimfuata nyuma, chaki ikiwa bado mfukoni.

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Tangu lini?"

"Tangu vumbi lilipoanza," Adwoba alisema kwa sauti ya chini.

"Wiki tano! Na hukuniambia?"

"Mlihama kwa ajili yangu." Machozi yakaanza kumtoka. "Ulimwambia Mama Mdogo Aba kwamba mimi ndiye faida pekee uliyoipata. Nikisema naumwa, utakuwa umeacha kibanda chako bure."

Mama alifunga macho. Alionekana mzee kuliko asubuhi. Alipoyafumbua alizungumza polepole.

"Mwanangu, na mimi nikwambie ukweli. Nilikusikia ukikohoa. Nilipokuwa nikitwanga, nilikusikia. Nikajiambia ni mafua tu. Niliogopa kuuliza kwa sababu niliogopa jibu. Wewe umenificha, na mimi nimejificha. Tumefanya kosa lile lile."

Baba aliuvua mkoba begani, akauweka sakafuni. "Sista," alimuuliza nesi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo kwa muda mrefu akaambiwa safari bado. "Tufanye nini sasa? Turudi Sekondi? Twende wapi tena?"

Nesi Lamisi alivuta kibao, akakaa. "Msiende popote. Nani aliwaambia kwamba hewa kavu inatibu pumu?"

"Watu," Mama alisema.

"Watu hawakudanganya kabisa, ila walisema nusu. Mtoto alipata nafuu kwa kuwa mliukimbia ukungu. Hiyo nafuu ilikuwa ya kweli, kwa hiyo, Mama Adwoba, usijilaumu kwamba umekuja bure. Lakini pumu haikubaki Sekondi. Ilipanda lori pamoja nanyi. Ukihama, unabadilisha tu kinachoichokoza. Kule ni unyevu na ukungu. Huku ni vumbi, moshi na hewa kavu. Ile inhela ya kahawia iko wapi?"

Baba na Mama wakatazamana.

"Iliisha Julai," Baba alisema. "Alikuwa mzima."

"Hapo ndipo mlipoteleza. Ile haivutwi kwa sababu mtu anaumwa. Inavutwa ili asiumwe, hata siku anayojisikia anaweza kuruka ukuta. Ingekuwa kifuani mwake hamatani ilipofika, pengine leo tusingekuwa hapa."

Aliwaandikia inhela zote mbili. Akawaagiza kupangusa nyumba kwa kitambaa kibichi badala ya kikavu, kuhamisha jiko la mkaa mbali na dirisha, na Adwoba afunge kitambaa puani upepo unapochafuka. Hakuna lililokuwa gumu. Yalikuwa ni mambo madogo tu, ya kufanya kila siku bila kuchoka, nao walikuwa wamechoka tayari. Mama aliyarudia moja moja ili asisahau.

Adwoba alirudi shuleni baada ya siku nne. Mwalimu Atampugre alimwita mbele ya darasa. Adwoba aliogopa, lakini mwalimu aliinama kidogo na kusema, "Nilikuita mvivu bila kukuuliza kitu. Nimekosea, nisamehe." Kisha akaligeukia darasa. "Na kuanzia leo, uwanja unanyunyiziwa maji kabla ya ufagio kugusa chini. Majani hayachomwi watoto wakiwapo."

Ayinpoka alikuwa amekaa dawati la nyuma, anatazama dirishani.

"Umeninunia?" Adwoba alimuuliza.

"Wewe ndiye wa kuninunia. Nilivunja ahadi."

"Basi usiniahidi tena kitu cha kijinga."

"Na wewe usiniombe!" Wakacheka wote wawili, na Adwoba alikohoa mara moja tu.

Hamatani haikuondoka mpaka Machi. Mama aliendelea kukaanga koose zake, sasa upande wa pili wa ua, na wateja wakaongezeka kidogo kidogo. Siku nzuri zilikuwepo na siku mbaya pia. Kila asubuhi, baada ya Adwoba kuvuta dawa na kusukutua mdomo, Baba alimwuliza swali moja.

"Kifua?"

Mwanzoni Adwoba alijibu "kizuri" kwa mazoea. Lakini asubuhi moja mwezi wa Januari, mji ukiwa umefunikwa na vumbi hata nyumba ya jirani haionekani, alisita, kisha akasema, "Leo kibaya, Baba. Sidhani kama nitaweza kutembea hadi shuleni."

Mwalimu Ebo alikuwa ameshachelewa. Aliweka chini daftari alizokuwa amezikumbatia, akavuta kiti karibu na binti yake.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Sikiliza, mwanangu. Sisi wazazi wako tunachoka, na tutachoka tena. Hilo si kosa lako, wala si kazi yako kutuficha ugonjwa ili tupumzike. Ugonjwa tukiujua tunaweza kuutafutia dawa. Ukituficha, sote tunabaki gizani. Uniambie hivi hivi kila siku, hata kama jibu ni baya."

Kisha akamletea inhela ya bluu, akakaa naye mpaka pumzi yake ikatulia.