Taa Nyekundu Kwenye Jabali la Didia

Naitwa Mariana. Naishi Didia, kijiji cha Shinyanga, na mwanangu Abel. Asubuhi nafagia uwanja, kisha nawasha moto kwa mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe. Moshi wake ni mwingi. Nimepikia moto huo zaidi ya miaka arobaini, na macho yangu yamekuwa mekundu.

Huku kwetu bibi mwenye macho mekundu huishi kwa woga. Watu husema ni mchawi. Wapo waliokatwa mapanga kwa neno hilo tu. Kwa hiyo jua likizama mimi nafunga mlango.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja, alikuja dada mmoja, Noela. Yeye ni mwongoza watalii kutoka Shinyanga mjini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapa kwenye kigoda."

Noela alitazama jabali lililo nyuma ya nyumba yetu. "Jabali hili linafaa sana. Nataka kuleta wageni kutoka Mwanza waangalie nyota."

Abel akacheka. "Watu watoke Mwanza kuja kuangalia nyota? Kwao hazipo?"

"Zipo, ila taa za mji zinazifunika. Hapa kuna giza la kweli. Ninyi mtapika chakula na kutandika mikeka, nanyi mtalipwa. Lakini kwanza mwarifuni mwenyekiti wa kijiji na sungusungu. Walinzi wajue kuna wageni."

"Hilo niachie mimi," alisema Abel.

Noela alipoondoka, Abel akaninong'oneza. "Mama, usimwambie mtu. Wakijua, watasema jabali ni lao."

"Abel, wageni watembee gizani bila taarifa?"

"Usiku mmoja tu, mama."

Nikanyamaza. Sikupaswa kunyamaza.

Jumamosi wageni walikuja watano. Alikuwepo mwalimu wa Mwanza, mke wake, binti yao mdogo, na vijana wawili Wazungu. Tulipanda jabali jioni. Noela alisimamisha darubini, lile bomba la kuonea vitu vya mbali. Giza lilipoingia, akampa kila mgeni tochi ndogo. Walipoziwasha, moyo wangu uliruka. Zote zilitoa mwanga mwekundu.

"Noela, kwa nini nyekundu?"

"Jicho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, bibi. Tochi nyeupe huliharibu mara moja. Nyekundu hailisumbui sana."

"Mjukuu wangu, huku taa nyekundu ikitembea gizani, watu husema ni wachawi wamepanda fisi."

Noela alishtuka. "Lakini si sungusungu wana taarifa? Abel?"

Abel akaangalia miguu yake.

Hapo hapo tukasikia mwano. Mwano ni yowe letu la hatari. Ukipigwa, kila mwanamume hutoka na silaha. Yowe lilianza nyumba za chini, likapokelewa ng'ambo. Filimbi zikalia. Mbwa wakabweka. Nikasikia miguu mingi ikipanda jabali.

"Wako juu!" sauti ilipaza. "Asitoke hata mmoja!"

Binti wa mwalimu akaanza kulia.

"Kaeni chini wote," alisema Noela. "Mikono ionekane. Mtu asikimbie."

Masele, kamanda wa sungusungu, alifika wa kwanza akiwa na rungu. Tochi yake ikanipiga usoni.

"Ni Mariana!" mtu mmoja nyuma yake alisema. "Macho mekundu, taa nyekundu. Leo tumemkamata!"

Niliona panga likiinuka. Abel akaruka mbele yangu.

"Kosa ni langu! Hawa ni watalii. Niliambiwa nitoe taarifa, nikaficha. Mama hana kosa!"

"Watalii wa nini usiku huu?" aliuliza Masele. "Kuna simba hapa?"

Nikajikaza. "Masele, mwanangu, tazama kule mashariki. Kilimia kinatoka. Baba yako si alipanda mtama kwa nyota zile? Hawa wamekuja kuziangalia."

Masele aligeuka. Rungu bado lilikuwa juu.

"Kamanda," Noela alisema polepole, "zima tochi kidogo. Unaona nyota ngapi pale?"

"Sita. Kila mtu anajua ni sita."

"Njoo uhesabu tena kwenye darubini."

Ili kuinama, Masele ilibidi aweke rungu chini. Aliinama. Akaanza kuhesabu, akapotea, akaanza upya.

"Mayu wane!" alisema. "Mama yangu! Ni nyingi hivi?"

"Toka basi na sisi tuone!" walilalamika wenzake. "Kamanda ameoa bomba!"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa bado naliangalia lile panga.

Masele hakumwacha Abel hivi hivi. "Ungetuambia mchana, haya yasingetokea. Tungeua watu hapa."

"Naomba radhi," alisema Abel.

Jumatatu Abel aliomba radhi tena kwenye mkutano wa kijiji. Noela alizionyesha zile tochi mbele ya watu wote na kueleza kazi yake. Tukakubaliana. Siku hizi majina ya wageni hufika ofisi ya kijiji kabla yao. Kila kitongoji huambiwa siku watakayofika. Sungusungu wawili hupanda nao, nao hulipwa.

Noela alinipeleka hospitali pia. Daktari aliyatazama macho yangu akasema, "Ni moshi, bibi. Si kitu kingine." Abel akanijengea jiko lenye bomba la kutoa moshi nje. Maneno ya daktari nayasema kisimani, sokoni na kanisani, kila mtu ayasikie.

Wageni wamekuja mara nne sasa. Woga haujaniisha wote. Filimbi ikilia, bado nashtuka. Lakini juzi Masele alibisha hodi giza likiingia, na nilifungua mlango. Alikuwa na tochi nyekundu.

"Bibi, wageni wamefika. Twende ukawaonyeshe Kilimia. Nishike, mawe yanateleza."

Nikaushika mkono ule ule uliokuwa na rungu, tukapanda.