Mlango wa Upande wa Mikorosho

Kazi ilibaki kidogo tu. Asubuhi fundi Kasiani alikuwa ameuleta mlango kutoka Masasi, wa vipande viwili, ukiwa umeshafungwa bawaba kwenye fremu yake. Kutwa nzima akabomoa ukuta wa matofali nyuma ya nyumba ya Shamsia, pale Mnyambe. Magharibi ilipoingia alikuwa ameshasakafia kizingiti kwa saruji, amebakiza kusimamisha fremu, kupigilia kabari na kuangalia pima maji.

"Mama Faidha," aliuliza akifuta jasho, "huku nyuma hakuna kibaraza wala jiko. Mikorosho tu. Mlango mkubwa hivi wa nini?"

Shamsia alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji, mikono mapajani.

"Kuna mtu anabisha, fundi."

"Wapi?"

"Hapo ukutani. Kila magharibi, tangu arobaini ya Faidha ipite."

Kasiani alimfahamu Faidha, binti wa miaka kumi na sita. Aliumwa kichwa jioni, kesho yake akazikwa. Mnyambe ilinong'ona kwamba hakufa, kachukuliwa msukule, analimishwa mashamba ya watu huko Tandahimba. Kasiani hakuwa mtu wa kuamini mambo hayo.

"Mlango wa mbele anauogopa," Shamsia alisema taratibu. "Ndiko alikotolewa akiwa ndani ya jeneza."

Kasiani aliinua fremu, akapigilia kabari ya kwanza. Ya pili. Akaufunga mlango aone kama umekaa sawa.

Ko... ko... ko...

Nyundo ikamganda mkononi.

Harufu ikapenya chini ya mlango. Udongo mbichi. Karafuu maiti.

"Mama..."

Sauti ilikuwa ndogo, kavu, kama ya mtu asiyeonja maji siku nyingi.

Shamsia alisimama. "Fungua, fundi," alinong'ona.

Kasiani alitaka kufungua. Mpaka leo anaapa kwamba alitaka. Lakini bega lake lilikuwa limeshauegemea mlango, na miguu imejikita sakafuni. Kilichokuwa nje kilisukuma.

"Fungua, baba yangu. Ni mwanangu."

Hakufungua.

Msukumo ukalegea. Majani makavu ya mikorosho yakalia, hatua kwa hatua, yakienda mbali...

Shamsia alipomsogeza na kuuvuta mlango, nje hapakuwa na mtu. Kwenye saruji ya kizingiti, ambayo ilikuwa haijakauka, palikuwa na alama za vidole kumi. Alichuchumaa, akaweka vyake juu ya zile alama. Hakulia. Hakumlaumu.

Jirani yake Shamsia, Agatha, alisema huenda alikuwa yule binti mgonjwa wa akili aliyeonekana akizurura njia ya Newala. Kasiani alilishika neno hilo. Lakini halikumpa usingizi. Hata huyo, kama ndiye, alikuwa akimwita mama.

Ukuta haukubishwa tena.

Wiki iliyofuata Kasiani alirudi kufunga kitasa na komeo. Aliukuta mlango wazi, vipande vyote viwili, mkeka umetandikwa, sahani ya ugali imefunikwa. Shamsia alikuwa ameketi akitazama mikorosho.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Mama Faidha. Nimeleta komeo."

"Rudi nalo tu." Akamgeukia. "Nikuulize. Siku ile, alisukuma kwa nguvu?"

Kasiani alitazama chini.

"Hapana, mama. Kidogo tu."

"Basi alikuwa amechoka," Shamsia alisema, akaisogeza sahani karibu na kizingiti.